Tope lafichua aliyelichafua Ziwa Victoria

AKINA mama wengi hawathubutu kumtia samaki wa ziwani sufuriani kabla ya kumkamulia ndimu. Ukiwauliza sababu, watakuambia wanaondoa harufu ya tope. Nyanya yangu alikuwa miongoni mwao, na kwa miaka mingi nilidhani hayo ni mambo ya wazee tu, kama vile kukatazwa kufagia nyumba usiku au kupiga mluzi giza likishaingia. Kumbe ajuza huyo, ambaye hakuwahi kuona hata picha ya maabara, alikuwa akifanya kemia.

Harufu hiyo ina jina. Huitwa jiosmini, neno lililoundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya ardhi na harufu. Waliolibuni mwaka wa 1965 ni watafiti wawili wa Marekani, Nancy Gerber na Hubert Lechevalier. Kemikali yenyewe hutengenezwa na aina fulani za bakteria waishio udongoni na katika tope la mito na maziwa. Ndiyo hiyo hiyo inayokujia puani mvua ya kwanza inapoangukia ardhi iliyokauka. Pua ya binadamu ni hodari ajabu wa kuinusa, kwani sehemu chache tu za jiosmini katika sehemu trilioni moja za maji zatosha kumfanya mtu akunje uso. Samaki huinyonya kutoka majini, nayo ikajificha katika mafuta ya mwili wake. Asidi ya ndimu huigeuza ikawa kitu kingine kisichonuka. Siki pia huifanya kazi hiyo, kwa wale wasiopenda ndimu.

Jiosmini ni moja tu kati ya maelfu ya kemikali zinazopatikana katika tope la ziwa. Wataalamu huziita kemikali za kikaboni, yaani zile ambazo uti wa mgongo wake ni kaboni na ambazo kwa kawaida zimetokana na viumbe. Kwao tope si uchafu wa kukwepa bali ni daftari. Ukijua kulisoma utapata majibu ya maswali mengi, likiwemo lile ambalo limewagombanisha watu wa kandokando ya Ziwa Victoria kwa muda mrefu: ni nani aliyeliharibu ziwa letu?

Wenyeji na wageni

Kila siku, mchana na usiku, vitu vinaanguka polepole hadi chini ya ziwa. Baadhi ni wenyeji, yaani mabaki ya viumbe walioishi majini humo: mwani, vijidudu, magamba, samaki waliokufa. Wengine ni wageni walioletwa na mito, upepo na mvua, kama vile majani makavu, udongo wa shambani, majivu ya moto wa nyika, mbolea na, msomaji aliye mezani na kiamshakinywa chake aniwie radhi, kinyesi. Vyote huchanganyika vikawa uji mmoja mweusi. Mtu wa kawaida hawezi kuvitenganisha, lakini mkemia anaweza.

Njia ya kwanza ni rahisi. Yeye hupima kaboni iliyomo katika tope, akapima na naitrojeni, kisha akalinganisha. Mwani umejaa protini, na protini ina naitrojeni nyingi. Kwa hiyo tope lililotokana na mwani huwa na kaboni mara nne hadi kumi hivi ya naitrojeni. Mti wa nchi kavu nao lazima usimame wima, hivyo una ukuni na nyuzi ngumu zenye kaboni nyingi na naitrojeni kidogo sana. Tope lililotokana na mimea ya nchi kavu huwa na kaboni mara ishirini ya naitrojeni, au hata zaidi.

Njia ya pili yanivutia zaidi. Chukua jani la mgomba uone maji yanavyoteleza juu yake. Hiyo ni nta, ambayo mmea hujipaka ili usikaukiwe na jua. Chembe za nta hiyo ni kama uzi wa ushanga, kila ushanga ukiwa kaboni moja. Mmea hutunga ushanga wake mbili mbili, lakini mwisho wa kazi hukata moja. Ndiyo maana nyuzi nyingi za nta ya majani huwa na hesabu ya witiri, hasa 27, 29 au 31. Mwani hauhitaji koti la kujikinga na jua kali, na nyuzi zake ni fupi, mara nyingi 17. Basi mtaalamu akikuta nyuzi nyingi za 31 katikati ya ziwa, maili nyingi kutoka ufukweni, anajua kuwa hilo ni jani lililosafiri.

Isitoshe, anaweza kujua ni jani la nini. Kaboni ya kawaida ina ndugu yake aliye mzito kidogo, iitwayo kaboni 13. Miti na vichaka vingi humbagua sana huyo ndugu mzito, ilhali mahindi, miwa na nyasi nyingi za nyika zetu humkubali zaidi. Tofauti hiyo hubaki katika nta hata baada ya maelfu ya miaka. Msitu ukikatwa na mahali pake pakapandwa mahindi, tope la ziwa lililo chini ya mlima huo litaandika habari hizo, hata kama hakuna chifu aliyeziandika.

Zipo alama nyingine. Kuni na nyasi zikiungua hutoa aina fulani ya sukari iliyoungua, ambayo hupeperushwa na moshi na kutua majini. Utumbo wa binadamu nao una bakteria wanaoigeuza kolesteroli ikawa kitu kiitwacho koprostanoli. Kikionekana kwa wingi katika tope karibu na mdomo wa mto, hakuna haja ya kuuliza maji ya choo ya mji yanaishia wapi.

Sukuma wiki iliyoiva kupita kiasi

Hata hivyo, si kila kinachoanguka hubaki kilivyokuwa. Tope ni jiko linalofanya kazi polepole. Bakteria hula kwanza vitu vitamu, yaani sukari na protini, na sehemu kubwa huliwa hata kabla ya kufika chini. Nta, ukuni na mafuta mengine magumu huachwa mwisho, au hayaliwi kabisa.

Klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, ina chembe moja ya magnesi katikati yake. Ikipoteza chembe hiyo hugeuka rangi ikawa ya kahawia iliyofifia. Mama aliyewahi kuisahau sukuma wiki motoni amekwisha kuyaona mabadiliko hayo kwa macho yake. Yanayotokea sufuriani kwa dakika chache hutokea pia ziwani mwani unapokufa na kuzama. Rangi hiyo iliyochakaa hudumu kwenye tope kwa miaka mingi, na wingi wake huonyesha ziwa lilikuwa na mwani kiasi gani wakati fulani.

Bakteria hao wanapokula hupumua. Kwanza huimaliza oksijeni iliyo karibu na tope. Ikiisha, huanza kutumia vitu vingine badala yake: naitreti, manganizi, chuma, kisha salfeti, na hapo ndipo ile harufu ya yai viza huanza. Wa mwisho kabisa hutoa methani, gesi inayowaka. Ukipita na mtumbwi kwenye maji ya kina kifupi yenye tope zito ukaona mapovu yakipanda, mara nyingi ni hiyo. Kule Ziwa Kivu, baina ya Rwanda na Kongo, imerundikana vilindini kwa wingi kiasi kwamba Rwanda ilianza kuivuta na kuzalisha umeme kwayo.

Kulisoma daftari hilo kwahitaji bomba refu. Watafiti husimama juu ya jahazi au chelezo, huteremsha bomba hilo hadi chini, hulisukuma ndani ya tope na kulitoa likiwa limejaa. Kisha tope hukatwa vipande vyembamba. Cha juu ni cha juzi, cha chini ni cha zamani. Umri wa vipande vya miaka ya karibuni hupimwa kwa aina ya risasi yenye mnururisho, ambayo huanguka kutoka angani na hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 hivi.

Mahali panaposomeka vizuri kuliko pengi hapa kwetu ni Ziwa Chala, lile la kreta lililo mpakani mwa Taveta na Tanzania, mashariki ya Mlima Kilimanjaro. Lina kina cha zaidi ya mita 90 na chini kabisa hamna oksijeni, kwa hiyo hamna wadudu wa kulivuruga tope. Kila mwaka huandikwa mistari miwili, mmoja mweupe wakati wa pepo kavu na mmoja mweusi wakati wa mvua. Mwaka wa 2016 wataalamu walilitoboa tope hilo hadi mita 215 na kupata kumbukumbu za takriban miaka 250,000. Miongoni mwa vitu wanavyovisoma humo ni nta ya majani ya miti iliyoota kabla ya yeyote kuliita ziwa hilo kwa jina lolote.

Mbuta mahakamani

Turudi Ziwa Victoria. Mbuta aliingizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka kadhaa hakuonekana sana. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaongezeka ghafla na fulu wakatoweka, wale samaki wadogo wa aina mamia kadhaa ambao hawakupatikana kwingine kokote duniani. Muda si muda maji yakageuka kijani, na samaki wakaanza kufa kwa wingi kila maji ya chini yalipopanda juu. Karibu kila mtu alimnyoshea mbuta kidole. Fulu, walisema, ndio waliokuwa wakila mwani. Mbuta amewala fulu, basi mwani umekosa wa kuula. Ilikuwa hoja nzuri, na yenye faida kubwa kwa watu wengi, kwa sababu samaki hana wakili.

Katika miaka ya 1990 kundi la wanasayansi lilichukua tope kutoka kilindini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2002, wa kwanza katika orodha ya waandishi akiwa Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, na miongoni mwa wenzake akiwemo Robert Hecky, mtaalamu aliyelichunguza ziwa hili kwa miaka mingi.

Tope lilisema nini? Lilisema kwamba mwani ulianza kuongezeka miaka ya 1930. Wakati huo hapakuwa na mbuta hata mmoja ziwani. Mkondo wa ongezeko hilo ulifuatana na ongezeko la watu na la kilimo katika nchi zinazolizunguka ziwa. Reli ilikuwa imefika Kisumu mwaka wa 1901. Miaka ya 1920 mashamba ya chai yalianza kuenea Kericho. Misitu ilikatwa, pamba na miwa ikapandwa, watu wakaongezeka. Mvua ikinyesha juu ya udongo usio na kifuniko, huubeba hadi mtoni, na udongo huo umebeba fosforasi. Fosforasi kwa mwani ni kama mbolea kwa mahindi. Mito ya Nzoia, Yala, Nyando na Sondu imekuwa ikiutia mbolea mwani wa ziwa, bure, mwaka baada ya mwaka.

Ushahidi wa pili ulihusu oksijeni. Katika tope walikuta mabaki ya mabuu ya wale wadudu wa ziwani ambao wakubwa wao hupaa kama wingu la moshi juu ya maji. Aina mojawapo huweza kuishi mahali pasipo na oksijeni, na mabaki yake yalionyesha kuwa vilindi vilianza kuikosa oksijeni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hiyo ni takriban miaka ishirini kabla ya fulu kutoweka. Watafiti hao walisema huenda jambo hilo lilichangia kuangamia kwa fulu waliozoea kuishi vilindini, kwa kuwanyang'anya makao.

Upo na ushahidi wa tatu, ambao hausemwi sana. Zamani mwani mwingi wa ziwa hili ulikuwa wa aina inayojijengea gamba la kioo kwa kutumia silika iliyoyeyuka majini. Ulipopata fosforasi nyingi uliota kwa fujo, ukafa, ukazama na vioo vyake. Baada ya miaka hamsini hivi ya mazishi hayo, silika majini ikapungua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, nafasi yake ilitwaliwa na mwani wa kijani-samawati, ambao hauhitaji kioo na ambao baadhi yake hujipatia naitrojeni kutoka hewani. Ndio ule unaofanya maji yaonekane kama rangi ya nyumba iliyomwagika.

Sisemi mbuta hana hatia. Alikula, na alikula sana. Lakini aliikuta nyumba imekwisha kushika moto. Kwangu mimi jambo la kushangaza ni jinsi ilivyokuwa rahisi kumlaumu mgeni mmoja mwenye mdomo mkubwa kuliko kulitazama jembe letu na choo chetu.

Deni la chini ya maji

Laiti mambo yangekuwa mepesi, tungeziba mito isilete udongo na ziwa likapona msimu ujao. Tope haliruhusu. Maji ya chini yakiwa na oksijeni, chuma kilichomo katika tope huishika fosforasi na kuifungia hapo kama mtu anavyofungia pesa katika kibubu. Oksijeni ikiisha, chuma hicho hubadilika hali, huyeyuka na kuiachilia fosforasi. Ile ya miaka ya 1950 na 1970 hupanda tena juu na kuulisha mwani wa leo. Mwani huo hufa, huzama, huimaliza oksijeni, na kibubu hufunguka zaidi. Ndiyo sababu ziwa lililochafuliwa kwa miaka tisini haliwezi kusafishwa kwa mradi wa miaka mitano, hata kama magari ya mradi ni mapya.

Gugumaji nalo liliongeza deni. Mwaka wa 1998 lilikuwa limeziba sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam hata mashua zikashindwa kupita. Lilipopungua, watu walishangilia. Lakini halikwenda mbinguni. Mengi yake yalikufa na kuzama.

Tusije tukadhani kwamba tope ni balaa tupu. Mafuta yaliyogunduliwa Turkana mwezi wa Machi 2012, katika kisima cha Ngamia 1, yametokana na tope la ziwa la kale lililofukiwa mamilioni ya miaka iliyopita na kupikwa na joto la ardhi. Zile nyuzi ndefu za nta bado zimo. Ndiyo sababu mafuta hayo huganda kama kimbo yakipoa, na yaliposafirishwa kwa malori hadi Mombasa kuanzia 2018 yalilazimika kuwekwa katika matangi yanayopashwa moto. Meli ya kwanza iliondoka Agosti 2019 na mapipa 200,000. Yale ya Uganda, karibu na Ziwa Albert, yana nta vilevile, na bomba lake la kwenda Tanga lilibuniwa likiwa la kupashwa moto njia nzima.

Kwa familia iliyo ufukweni, mambo ya mafuta yako mbali. La karibu ni mtungi. Baadhi ya mwani wa kijani-samawati hutoa sumu iitwayo maikrosistini, inayodhuru ini, na wengi hudhani kuchemsha maji kunaiondoa. Hakuiondoi. Kuchemsha huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo, na ni lazima kuendelea, lakini sumu hii huvumilia moto, na maji yakipungua sufuriani yenyewe hubaki. Maji yenye utando wa kijani juu yasitekwe kwa matumizi ya nyumbani. Afadhali kwenda mbele zaidi penye maji maangavu, au kutumia ya mvua au ya kisima salama. Watoto wasiogelee humo wala ng'ombe na mbwa wasinyweshwe.

Kuhusu samaki, sumu hiyo hukusanyika zaidi katika ini na matumbo kuliko katika mnofu. Samaki mkubwa atumbuliwe na kuoshwa vizuri kwa maji safi, na matumbo yasipewe paka. Omena huliwa mzima, na kwa sababu hiyo wachunguzi wamekuwa wakimpima kwa makini zaidi. Ndimu itaondoa harufu ya tope kama alivyojua nyanya yangu, lakini maikrosistini haina harufu, na ndimu haiiwezi.